Zamu ya Raili

Lisemwalo lipo; kama halipo, laja.
Lilitufikia kwanza ndani ya sauna ya kiwanda,
Novemba, sote uchi kwenye benchi la juu.
Veijo akamwaga maji juu ya mawe ya moto,
akasema bila kututazama:
"Wanaizima mashine ya tatu."
Mvuke ukapanda. Hakuna aliyekohoa.

Tangu siku hiyo tulikula fununu pamoja na mkate.
Karatasi iliendelea kutoka, nyeupe, pana mita tisa,
mbio kama gari la barabara kuu,
nasi kandokando yake, tumbo joto,
kila simu ikilia ofisini tukidhani ndiyo hiyo.
Wakubwa kule Helsinki walinyamaza,
na kimya cha wakubwa kina mshindo
kuliko roli yoyote ya chuma.

Mto Kymi uliganda. Watu wakaanza kukosea.
Hilkka alisaini daftari la zamu
kwa jina la marehemu mumewe.
Pentti, miaka ishirini bila siku ya ugonjwa,
tulimkuta garini uwanjani, injini imezimwa,
baridi nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
ameshindwa kukumbuka
kama anaingia kazini au anatoka.

Ndipo Raili Kemppainen, msimamizi wetu wa usiku,
mwanamke mfupi, sauti kama mfuniko wa sufuria ulioanguka,
akatundika ubao kwenye chumba cha kahawa.
Kushoto: TUNALOLIJUA. Kulia: TUSILOLIJUA.
Kila saa nne ya usiku alifuta, akaandika upya.
Kushoto, wiki nzima, mstari mmoja tu:
Mshahara wa Desemba upo. Nimeuliza mara mbili.
Kulia palijaa hadi chaki ikashukia ukutani.

Sitasema tulifarijika.
Ila jambo usilolijua, likiandikwa,
lina urefu wa mkono, lina mahali linapoishia.
Lisipoandikwa hukufuata nyumbani,
hulala katikati yako na mkeo.

Saa nane: kahawa, dakika ishirini, na kukaa ni lazima.
Alitung'oa mmoja mmoja mashineni
kama mama anayeita watoto kuoga.
Zamu mbili mfululizo akazipiga marufuku,
hata kwa Tauno aliyebisha
kwamba anayeonekana akijituma hafukuzwi.
"Orodha haina macho, Tauno. Nenda kalale."

Kisha usiku ule.
Pentti mbele ya roli, macho wazi, mwenyewe hayupo,
glavu ya kushoto kwenye mkono wa kulia,
na mkono huo unakwenda, taratibu,
mahali ambapo mkono hauendi.
Raili hakupiga kelele.
Alibonyeza kitufe chekundu.

Hujasikia kimya mpaka usikie cha mashine kubwa.
Dakika arobaini. Karatasi ikakatika, ikalala sakafuni
kama shuka za hospitali.
Asubuhi wakataka sababu. Fomu ina visanduku:
hitilafu ya umeme, hitilafu ya mitambo, nyinginezo.
Kwenye nyinginezo akaandika: Mtu amechoka.
Wakamrudishia.
Akaandika tena, herufi kubwa zaidi.
Wakamwita ghorofani. Alikoshinda huko, sijui;
alirudi shingo imewiva nyekundu,
akachemsha kahawa, akamtuma Pentti kwa daktari
na Veijo ampeleke, asiende peke yake.

Machi, barafu ikianza kulia mtoni,
neno moja likahama ubaoni, kutoka kulia kuja kushoto.
Ndiyo. Ya tatu. Alhamisi.

Ubao haukuokoa kazi ya mtu. Tauno alikuwa na haki ya kuuzomea,
na aliuzomea.
Lakini Alhamisi hiyo tulitoka getini watu mia na kumi,
Raili amesimama kwenye theluji chafu, anatuhesabu,
si vichwa, vidole.
Elfu moja tisini na tisa.
Kile kimoja ni cha Hilkka,
alikiacha utotoni kwenye shoka la kupasulia kuni.
"Hicho," alisema Raili, "si cha zamu yangu."